Matrekta ya Baba Yamepata Mwenyewe

Kwa mjukuu wangu Kadzo,

Pokea salamu kutoka Marafa. Sisi tu wazima, mamako anavuna kunde. Umeuliza kwa nini nimewaacha wanunuzi wanane, matrekta mawili ya marehemu babangu nikampa Mama Nyevu wa kule Adu.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilimwomba baba trekta kwa siku moja. Nikasingizia ni la kumlimia shangazi, maana niliona haya kutaka changu. Akasema, "Shangazi yako ana wanawe." Ekari zangu mbili nikazilima kwa jembe siku ishirini na sita. Alipofariki, kaka zangu waligawana mashamba, mimi wakaniachia vyuma hivyo viwili.

Basi kila aliyekuja nilimuuliza ataanza kumlimia nani. Wanane wakanitajia wajane na mayatima. Mama Nyevu akasema, "Kwangu kwanza, nyanya. Mgongo umeniisha."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, nikampa funguo.

Juzi alimaliza ekari zake tatu, na jana akawalimia majirani wanne kabla ya mvua. Moyo wangu umetua.

Ni mimi nyanyako, nisiye na chuma tena uani.