Baba Amenunua Benzi Kuukuu

Naryn, 12 Novemba

Mwanangu Burul,

Hujambo huko Novosibirsk? Kazi je? Mimi mzima, ila goti la kushoto halinipi usingizi. Naandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu tutagombana kabla salamu hazijaisha.

Nimenunua Benzi. Usicheke. La mwaka tisini na tano, jeusi, viti vya ngozi, lilikuwa la jirani yetu Jumash. Giaboksi yake ni otomatiki na inanifanyia vituko. Nikiweka D inakaa tu, namaliza bakuli zima la chai, halafu inaruka kama farasi aliyeumwa na nzi. Oili nimepima, imejaa. Nilipima asubuhi injini ikiwa imezimwa, kama nilivyopima lori la makaa miaka thelathini.

Siombi msaada. Nauliza tu, kwa kuwa ndiyo kazi uliyoichagua.

Baba yako


Novosibirsk, 3 Desemba

Shikamoo Baba,

Pole na goti. Mimi sijambo. Samahani kwa alama za vidole, naandikia hapa hapa karakana. Miaka sita, Baba! Miaka sita, na neno lako la kwanza ni giaboksi!

Haya. Hilo si lori. Oili ya otomatiki hupimwa injini ikiunguruma, gari likiwa limeshapata moto, mkono wa gia ukiwa kwenye P. Ukizima injini oili inarudi chini yote, inakudanganya kwamba imejaa. Ongeza nusu lita, pima tena, ongeza tena.

Siku niliyoondoka, nilisimama mlangoni nikingoja ufungue viganja unipe dua, kama baba yeyote wa kwetu anavyomfanyia mtoto anayesafiri. Wewe ukaacha mikono magotini. Ulisema binti anayelala chini ya magari pamoja na wanaume hana dua kwako. Nilingoja mpaka basi likapiga honi. Sijasahau.

Lakini oili ongeza.

Mwanao, Burul


Naryn, 20 Januari

Mwanangu Burul,

Natumaini umevaa vizuri, maana najua baridi ya huko haina adabu. Yetu nayo imetukomesha.

Oili niliongeza, gari likatulia. Kisha ikaja baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri. Nikafanya ninachofanya kila mwaka: nikaingia chini na ule moto wa kupuliza, nikaipasha injini. Giaboksi nayo nikaionea huruma, nikaipasha pia. Sasa gari haliendi mbele wala nyuma. Jumash anazunguka mtaani akitangaza kwamba mimi Asankul nimechoma Benzi mishikaki.

Yale mengine uliyoandika nimeyasoma.

Baba yako


Novosibirsk, 8 Februari

Shikamoo Baba,

Mzima wewe? Nimecheka mpaka tajiri wangu akatoka ofisini. Halafu nikalia, maana nilikuona umelala kwenye theluji na goti lako bovu.

Ndani ya sampu, lile sinia la oili chini ya giaboksi, mna chujio, na chujio lenyewe ni la plastiki. Umelikaanga, Baba! Nimempa Melis, mwenzangu wa kazini anayekuja huko kwenye harusi ya dada yake, chujio jipya na gasketi. Mwaga oili yote. Fungua sampu, ioshe, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Humo utaona sumaku. Ikiwa na tope la kijivu, ni uchakavu wa kawaida. Ikiwa na vipande vya chuma, acha kila kitu uniandikie. Bolti zikaze kwa kupokezana, taratibu, bila nguvu zako za lori.

Umeyasoma. Haya, halafu?

Mwanao, Burul


Naryn, 25 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Melis kanifikishia. Ni kijana mstaarabu, amekusifu mpaka nikachoka. Sumaku ilikuwa na tope la kijivu tu. Bolti nilizikaza kwa vidole viwili. Ila kuna mlio fulani hivi, sijui nikueleze vipi. Niandikie upesi.

Baba yako


Naryn, 30 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mlio umeisha, nimefanya ulivyosema. Sasa rivasi ndiyo inagoma. Niandikie.

Baba yako


Naryn, 19 Mei

Mwanangu,

U mzima? Rivasi afadhali. Lakini pedali ya klachi imekuwa nzito mno, mguu unauma. Niandikie kwa urefu.

Baba yako


Novosibirsk, 7 Juni

Shikamoo Baba,

Mlio nilikujibu kurasa mbili. Rivasi kurasa tatu, nimekaa na michoro Jumapili nzima. Lakini klachi? Gari hilo lina pedali mbili za kuendeshea, Baba, ya mafuta na ya breki! Hiyo ya tatu umeikanyagia wapi, ndotoni?

Melis amerudi huku. Anasema aliwaona mkipanda njia ya mlima wa Dolon, wewe na Jumash, mnaimba kwa sauti madirisha yakiwa wazi. Gari ni zima.

Kila nikiuona mwandiko wako moyo unanidunda. Nachana bahasha, nakuta rivasi. Nimechoka na giaboksi, Baba. Unataka nini? Niambie.

Mwanao, Burul


Naryn, 2 Septemba

Mwanangu Burul,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii nimeiandika na kuichana mara nne.

Gari ni zima tangu Machi. Linabadilisha gia hata hulisikii. Niliogopa kwamba ukijua limepona hutakuwa tena na sababu ya kuniandikia, nikawa nalitungia magonjwa. Klachi ilinitoka tu, mazoea ya lori.

Nilikukosea, Burul. Niliogopa maneno ya watu. Uliposhuka ngazi nilitaka kukuita, mdomo ukakataa.

Nimejaribu kukuandikia dua yako. Maneno yote ninayo, baba yangu alinipa mimi yaleyale. Lakini dua hutolewa viganja vikiwa wazi, na mtu anayeandika ameshika kalamu. Nimeiweka chini kalamu mara kadhaa, nikafungua mikono, na mbele yangu hakuna mtu. Haiendi kwa posta, mwanangu. Njoo uipokee. Njoo hata kwa siku moja, hata na nguo zako za karakana.

Sina ubovu mwingine wa kukuandikia. Nakutaka wewe.

Baba yako