Fomu ya Masika na Amri Niliyoitoa

Masika mwanangu,

Hujambo? Mama yako, mgongo umemwacha apumue? Na Biira, bado anaficha viatu asubuhi ili asiende shule? Mimi huku Karamoja ni mzima, ila vumbi limeniingia mpaka kwenye ndoto.

Hapa maji huja kwa lori. Nikisinzia mchana hemani, nausikia ule mto wa nyuma ya nyumba yetu Bwera ukiteremka na baridi ya mlimani. Naunyooshea kikombe, halafu naamka. Wenzangu hucheka, wanasema afande anakunywa hewa.

Wiki iliyopita alikuja msichana mmoja na mafundi wa kisima. Nilidhani ni mpishi wao, nikamwonyesha jiko. Alicheka tu, akavaa buti, akatandaza ramani juu ya boneti la gari. Kutwa nzima alitembea polepole akiitazama ardhi, mpaka akasema chimbeni hapa. Siku ya tatu maji yakaruka juu, na sisi wanaume wazima tukasimama tukilowa kama watoto. Nilimpigia saluti. Nilipomuuliza alisomea wapi, akasema baada ya kidato cha nne alikwenda chuo cha ufundi, kozi ya maji, na baba yake hakusema naye mwaka mzima.

Nilikaa chini, Masika.

Mwezi uliopita ulianza kuniambia kwenye simu habari za chuo kama hicho. Nikakukatiza. Nikasema kwenye fomu ya kuchagua masomo utajaza fizikia, kemia na baiolojia, uwe daktari, basi. Ukasema, "Ndiyo, afande." Nyumbani huwa mnaniita hivyo kwa utani, wewe na Biira, mkigonga visigino. Siku ile hukuwa unatania. Na mimi mjinga nikaenda kuwatangazia wenzangu kwamba nina daktari.

Lile koti jeupe la udaktari nilikuvisha mwenyewe kichwani mwangu, tangu siku Biira alipozaliwa katika hospitali ya misheni Kisinga. Daktari alikuwa mwanamke, alipita ukumbini na kila mtu akampisha. Wewe ulikuwa umelala begani kwangu. Hata hukumwona.

Ulichokiona wewe ni maji. Ulikuwa na miaka saba ulipopanga maganda ya migomba kutoka mtoni hadi mlango wa jikoni, ukiyainua kwa mawe, ukiyashusha, mpaka maji yakafika kwenye sufuria ya mama yako. Mimi nikakugombeza kwa sababu ya matope. Siku hizi nikilala naliona lile ganda la mwisho likidondosha maji, na wewe umechuchumaa, unanisubiri niseme kitu.

Mama yako alisema mwalimu anakusanya fomu Ijumaa. Simu hapa imekufa tangu Jumapili, kwa hiyo nampa barua hii koplo mmoja wa kwenu anayekuja likizo. Nimemwonya asikwame njiani pale Kikorongo kwa sababu ya nyama choma. Naogopa kuchelewa kuliko ninavyoogopa risasi.

Siamuru sasa ujaze ufundi. Hiyo ingekuwa amri nyingine. Kama udaktari ni wako kweli, ujaze. Lakini kama si wako, niambie, "Hapana, baba." Sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwako, na kosa ni langu.

Msalimie mama yako, mwambie namuota akinikaripia, nafurahi. Msalimie nyanya yako wa Kisinga na shamba lake la mihogo, na mjomba anayekata chumvi ziwani Katwe. Ile aliyonifungia bado naionja kidogo kidogo. Biira mpe viatu vyake.

Barua zangu zote nimezitia sahihi kwa cheo na namba. Tazama hapa chini, nimeviacha.

Baba yako