Namba Zilizonyooka Mno

Mtoni, Temeke

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya Mbinga? Simu huisikii vizuri, na najua barua utaisoma mwenyewe bila kuharakishwa na mtu. Mie na watoto hatujambo, ila moyo haujatulia.

Nilipoacha kufundisha hesabu chuoni nikateuliwa kuongoza kituo cha utafiti wa maji, uliniuliza, "Hesabu utamwachia nani?" Nilikujibu kwamba nakwenda nazo. Kumbe kazi ya mkurugenzi ni vikao na kusaini. Miaka yote ile ya kusoma, kisha mtu anakuletea karatasi anasema, "Mama, saini hapa."

Mwezi uliopita ikaja taarifa ya visima vya Kimbiji, kule pwani ya Kigamboni. Kila wiki fundi wetu Rajabu huenda kupima kama maji ya bahari yameanza kuingia visimani. Taarifa ilisema maji ni salama. Nilishashika kalamu, jicho likanasa kwenye namba. Zilikuwa zimenyooka mno. Baba, namba zilizopimwa kweli hazina adabu: zinajirudia, zinaruka, zinakuudhi. Hizi zilipanda na kushuka taratibu, kama watoto waliopangwa mstarini.

Nikamshuku Rajabu papo hapo. Barabara ya kule ni mbovu. Nikasema huyu anakaa kwake Mbagala anatunga. Akinisalimia, naangalia viatu vyake kama vina vumbi. Akicheka na wenzake, nahisi ananicheka mimi. Naibu wangu alipouliza mbona sijasaini, naye nikamtilia shaka. Niliyemwamini ni Stella peke yake, binti niliyemfundisha chuoni nikamleta ofisini, ndiye anayeandaa taarifa zetu. Nikamweleza ninavyomshuku Rajabu. Akasema, "Labda amechoka tu, Mama."

Jumatatu moja, bila kumuaga mtu, nikapitia Kongowe mpaka Kimbiji. Kwenye kisima cha tatu nikamkuta Bi Somoe, mama muuza mihogo, anachota maji. Nikamuuliza kama anamfahamu fundi anayepima.

"Rajabu? Kaondoka sasa hivi. Kila Jumatatu yupo hapa, mvua ama jua."

"Na maji yakoje?"

Akanipa kata. "Onja mwenyewe. Sie tumesema mpaka tumechoka."

Yalikuwa na chumvi, Baba. Na ndiyo wanayonywa.

Rajabu nilimkuta kisima kilichofuata. Nikamwomba daftari lake. Namba zake zilikuwa zimevurugika kama inavyotakiwa, na za kisima cha tatu zilipanda wiki baada ya wiki. Kwenye taarifa hazikuwemo.

Kesho yake nikamwita Stella. Hakukana.

"Namba iliyojitenga na nyingine ni kosa la chombo. Nikazitoa, nikajazia zinazofuatana. Ndivyo ulivyotufundisha, Mama."

"Nilisema mzitoe, au mzichunguze kwanza?"

"Ulisema tuzitoe."

Nimepekua noti zangu za zamani. Nilisema hivyo kweli, na neno la kuchunguza halipo. Ila hakuna nilipoandika wajazie za kutunga. Kwa nini alifanya hivyo, sijui. Labda alidhani ananifurahisha. Labda kuna aliyemharakisha, maana naibu wangu aliitaka sana saini ile. Sina ushahidi, lakini namtazama.

Taarifa nimeiandika upya kwa namba za Rajabu. Kisima cha tatu kimefungwa, wanapelekewa maji kwa gari huku kingine kikichimbwa. Stella nimemwondoa kwenye taarifa. Sasa anakwenda Kimbiji na Rajabu, akapime kwa mkono wake. Salamu yake imekuwa fupi.

Rajabu nilimwomba radhi mbele ya ofisi nzima. Hakukasirika. Alisema tu, "Mama, ungeniuliza."

Neno hilo halinitoki. Wewe umefundisha darasani maisha yako yote, Baba. Uliwahi kumshuku mtoto asiye na kosa? Baadaye ulimtazamaje usoni? Niandikie hata mistari miwili.

Shangazi Kolasta, anayekupikia, mwambie ulezi wake umefika na tunaunywa kila asubuhi. Kaka Gaudensi huko kwenye kahawa namsalimu, na padre wetu anikumbuke kwenye sala zake.

Mungu akulinde, Baba.

Mwanao,
Editha