Ubeti wa Tatu Ulikuwa Wako

Boke rafiki yangu,

Nisamehe nimekawia kukuandikia. Tangu tukuzike kwenu Isebania nimeshika kalamu mara nyingi, mtoto analia, naiweka. Na nisikudanganye, si mtoto tu. Nilikuwa nimemkasirikia Mungu, na sikujua nitakuandikiaje wewe bila kumtaja yeye.

Nimeolewa hapa Migori. Nimezaa msichana. Alilia mchana kutwa, na hapa husemwa mtoto hulilia jina lake; wazee wakamtajia majina ya marehemu wao, hakunyamaza. Nikasema, "Jaribuni Boke." Akanyamaza papo hapo. Mama mkwe akaruka: "Jina la Kikuria kwa boma langu?" Nikamwambia, "Mama, sikuchagua mimi. Umemsikia mwenyewe." Sasa yeye ndiye analiita jina hilo kuliko sisi sote.

Unakumbuka mashindano yetu ya kwanza ya mbio pale misheni? Mwalimu aliposema tukae tayari, wenzetu waliinama. Sisi tukapiga magoti, tukafumba macho, tukaanza kuomba. Filimbi ikalia hatujafika Amina. Kufungua macho, ni vumbi lao tu. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mungu ametusikia," ukasema, "lakini wenzetu wamekwenda!" Tangu siku hiyo ukaweka sheria: kuomba ni nyumbani, mstarini ni miguu.

Saa hatukuwa nayo, mazoezini tukapima mwendo kwa wimbo wa kanisani. Ubeti wa kwanza mpaka mtoni, huo wangu. Wa pili tuliimba pamoja tukipanda kilima. Wa tatu mpaka lango la shule ulikuwa wako peke yako, maana mimi hapo nilikuwa nahema tu kama mbuzi. Nilikuuliza pumzi unaitoa wapi. Ukasema, "Si yangu. Ni ya Mungu, namrudishia."

Halafu homa ikakuchukua, wewe mwenye pumzi kuliko sote. Nikaacha mbio. Nikaacha na kuomba. Kila Sabato nilikaa kanisani midomo ikicheza, ndani hamna kitu.

Mwaka huu walitafuta wanawake wa kukimbia nusu maili kule Homa Bay. Sijui ni nini kilinisukuma, nikaandikisha jina. Nilikuwa nachoka, Boke, kuchoka kwa mama anayenyonyesha, lakini kila alfajiri nilitoka kabla mtoto hajaamka. Mama mkwe akanisimamisha mlangoni. "Nyar Karungu," ndivyo anavyoniita, binti wa Karungu, "mke wa mtu anakimbia, anafukuzwa na nani?" Nikampita nikaenda zangu mbio. Siku ya mbio ni yeye aliyembeba mtoto uwanjani, na kelele zake zilipita za watu wote.

Nilianza na ubeti wa kwanza. Wa pili ukaja. Kona ya mwisho nikatafuta wa tatu, maneno hayapo. Sikuwahi kuuimba! Nikakimbia na sauti tupu, bila maneno, huku nalia, nikafika wa pili.

Nilipovuka mstari wa mwisho nikapiga magoti. Watu wakapiga yowe, "Ameanguka! Leteni maji!" Nikamsikia mama mkwe: "Mwacheni! Hajaanguka, anaongea na mtu."

Niliomba, Boke. Hayakuwa maombi marefu. Nilimwambia bado nina hasira naye. Nikamwambia asante kwa pumzi. Safari hii nikafika Amina.

Wawili wa mbele tunakwenda kushindana Kisumu. Nitakwenda, hata wakisema nini. Na huyu mdogo akishajua kutembea nitampeleka mtoni nimwonyeshe ubeti wa kwanza unapoishia. Hilo nakuahidi. Wewe pumzika sasa.

Viatu usijali, miguu yangu unaijua, imezoea kukimbia peku. Ninavyohitaji unitumie ni hivi: kicheko chako, pale mstarini nikianza kutetemeka. Mkono wako mgongoni, ule wa kunisukuma kilimani bila kuniuliza. Na ubeti wa tatu. Maneno yamo katika kitabu cha nyimbo, nimeshayasoma. Nautaka kwa sauti yako.

Ni mimi,
Mama Boke