Nilichomwahidi Mama Bwire wa Kibara

Alhamisi, Bunda. Tangu asubuhi mawingu yamekaa juu ya mji na mvua haitaki kunyesha. Joto tu na vumbi. Nimerudi gesti saa kumi na moja jioni, nimevua viatu, nimekaa kitandani. Sitaki kula.

Kwa asiyejua kazi yangu: mimi ni mdadisi. Nazunguka na kishikwambi kwenye maduka, maghala na mialo ya kushushia samaki, nikiwauliza wafanyabiashara mizigo yao inasafirije. Mzigo gani, unatoka wapi, unakwenda wapi, kwa gari la nani, unafika salama au unaharibika njiani. Serikali inataka kujua. Awamu ya kwanza tuliifanya mwaka jana kabla ya masika. Sasa tunarudi kwa watu walewale, Musoma, Bunda na Butiama, kuona nini kimebadilika.

Leo ilikuwa zamu ya Kibara, na huko nilikuwa na mtu mmoja tu ninayemkumbuka vizuri.

Mama Bwire anauza dagaa. Ananunua mwaloni, anaanika kwenye chanja, anafunga magunia, anapeleka Bunda na wakati mwingine Mwanza. Mwaka jana alinikatalia kabisa. Alisimama kati ya chanja zake akaniambia wamepita wengi wenye kalamu, na njia ya mwaloni iko vilevile. Njia yenyewe inavuka kijito, na kalavati la pale lilikuwa limeshaanza kubomoka upande mmoja.

Sasa niandike ukweli, maana kati ya wanaosoma hapa hakuna anayenijua kwa jina.

Kwenye mafunzo tuliambiwa tusimwahidi mtu kitu chochote. Uliza, andika, shukuru, ondoka. Lakini siku ile nilikuwa nimeshakataliwa na watu wawili, jua limepinduka, na msimamizi wangu alikuwa anasubiri idadi ya waliohojiwa. Nikamwambia: "Mama, wewe jibu tu. Serikali itaiona hii njia. Hilo kalavati litatengenezwa kabla ya mvua."

Nilisema hivyo. Hakuna aliyenituma.

Mama Bwire akanawa mikono, akanipa kigoda, akajibu maswali yote karibu saa nzima. Mdogo wake, Masatu, ndiye aliyekuwa akisindikiza mizigo juu ya lori la kenta, kwa hiyo alikaa nasi kumsaidia kukumbuka. Mtu wa kuchekesha yule. Nilipouliza gunia moja lina uzito gani, alilinyanyua akalitua mapajani kwangu, akasema nijipimie mwenyewe. Tulicheka wote watatu. Nikaondoka nimeridhika, nikijiona najua kazi.

Leo nimemkuta Mama Bwire amekaa. Hakusimama kunisalimia. Chanja zilikuwa nyingi mwaka jana, leo nimeona mbili.

Nikaanza kama tulivyofundishwa. Je, bado mnasafirisha mizigo kutoka hapa?

"Kidogo. Kwa pikipiki."

Nikauliza kwa nini wameacha gari. Akanitazama muda, kama anahakikisha ni mimi yuleyule. Kisha akanieleza taratibu, bila kupandisha sauti.

Mvua zilipoanza, wenzake waliacha ile njia. Wakawa wanapakia dagaa kwenye mitumbwi hadi mwalo wa pili, ambako kuna barabara nzuri. Inachelewesha, lakini mzigo unafika. Masatu naye alitaka wafanye hivyo. Aliyekataa ni yeye, Mama Bwire.

"Nilikuwaga namwambia kila siku, tusubiri. Yule binti ameshaandika. Watakuja tu."

Katikati ya masika kenta iliingia kwenye kijito ikiwa imejaa. Kalavati likaachia, gari likalala ubavu. Dereva alitoka na jeraha mkononi. Masatu alikuwa juu ya magunia, na magunia yakamfunika ndani ya maji. Kina chenyewe hakikuzidi kiuno, Mama Bwire akasema. Alilirudia hilo mara mbili, akionyesha kwa mkono mahali maji yalipofika.

Kishikwambi kilikuwa mapajani kwangu. Swali lililofuata liliuliza kama tangu awamu iliyopita kuna mzigo ulioharibika au kupotea njiani, na sababu yake. Nikagusa palipoandikwa "ajali". Kikafungua swali jingine: kilo ngapi?

Sikuweza kuuliza. Nikakiacha kile kisanduku kitupu.

Mwisho nikasema, "Mama, yale niliyokuambia mwaka jana sikuwa na haki ya kuyasema. Sikujua kama watatengeneza. Nilitaka tu ujibu. Nisamehe." Nilitegemea anifukuze. Nadhani nilitaka anifukuze.

Akasema, "Basi andika tena, mwanangu. Labda ile ya kwanza haikufika."

Mwisho wa dodoso kuna sehemu ya maoni. Akanitajia cha kuandika. Niandike jina lake, Masatu. Niandike alikuwa mdogo wake wa mwisho, ameacha mke na watoto watatu. Niandike kuhusu kalavati, na kwamba bado liko vile, magari hayapiti. Nilipomaliza akataka nimsomee. Nikasoma. Akataka tena. Mara ya pili alifumba macho na kuitikia kila sentensi kama tuko kanisani. Alipofumbua alionekana ametua kitu kizito, akanisindikiza hadi barabarani.

Njia nzima ya kurudi Bunda ile sura yake haikunitoka. Nilipoteremka tu nikampigia msimamizi, nikamuuliza ni nani anayesoma maoni.

Alinijibu bila ubaya wowote. "Ile sehemu huwa hatuichukui, dada. Mfumo unachukua majibu yenye namba. Maoni yanabaki kwenye kifaa, na kazi ikiisha vifaa vyote vinasafishwa." Kisha akauliza kama nimemaliza Kibara.

Nimemaliza Kibara.

Nikakaa na simu mkononi. Ningeweza kunyamaza. Mama Bwire angeendelea kuamini kwamba kuna mtu mahali fulani, ofisini, anasoma habari za mdogo wake na kutikisa kichwa. Kuna ubaya gani? Nilijiuliza hivyo kwa dakika nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini nilishamwacha asubiri mara moja, na nimeambiwa maji yalifika wapi.

Nikampigia. Nikamweleza kama nilivyoelezwa, bila kupamba. Upande wa pili nikasikia kuku, na mtu anatwanga.

"Kwa hiyo Masatu hawajamsoma?"

"Hawajamsoma, mama. Na hawatamsoma."

"Hata mmoja?"

"Ni mimi tu niliyemsoma."

"Haya, mwanangu," akasema, akakata simu.

Naigeuza kichwani ile "haya" tangu hapo. Haikuwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kuiweka. Ilikuwa sauti ya mtu aliyebisha mlango kwa muda mrefu, akaambiwa na jirani kwamba nyumba ile haikai mtu.

Sijui kama nimefanya vema kumwambia. Nilichopunguza ni mzigo wangu au wake? Nimempokonya kitu kidogo alichobaki nacho, halafu nimekiita ukweli. Nimewaza pia kuacha kazi, lakini nikiacha, kesho kazi hii atapewa binti mwingine, mgeni kabisa, naye atabanwa na idadi kama mimi.

Kesho naenda Butiama. Sasa hivi nimefungua orodha ya watu niliowahoji kule mwaka jana: mwenye ghala la mahindi, mwenye mashine ya kukoboa, na wengine wanne. Nimepitia majina taratibu, nikijaribu kukumbuka kila mtu nilimwambia nini ili akubali kujibu.

Wawili niliwaambia maneno yaleyale.

Nitaanza na hao wawili, niwaambie ukweli kabla sijafungua dodoso. Mungu nisaidie niwakute, wao na watu wao wote.