Mkate wa Shamimu

Tandika, Temeke,
Dar es Salaam.
12 Oktoba 1994.

Mpendwa Dada Munira,

Shikamoo dada yangu. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Lindi, na lile goti limekuachia angalau uweze kuswali umesimama. Sisi huku tu wazima wa mwili. Wa roho, hebu nikusimulie.

Shemeji yako Nurdin ameacha kazi. Ameacha kwa hiari yake, dada, kule ghalani kwenye shirika, wakati wenzake wanapunguzwa wanalia. Eti anasomea upishi, kwenye chuo cha hoteli huko mjini. Mwanamume ambaye miaka tisa ya ndoa hakuwahi kujua chumvi naiweka wapi! Ungeamini wewe?

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni shibe. Kila jioni anarudi ameshiba. Namwandalia, anamega matonge mawili, anashukuru, ananawa. Unajua kwetu mume akirudi ameshiba watu wanasemaje, na jirani yangu Chausiku hakuninyima maneno: "Shoga, huyo kuna jiko jingine linampikia. Shtuka!" Nurdin anasema wanakula walichopika darasani. Sawa. Na hilo jina la Anastasia linalomtoka mdomoni kila siku, nalo wanalipika darasani? Eti ni mwalimu wao.

Mwezi uliopita akaniomba nimfundishe mkate wa kumimina, ule wa marehemu mama. Kwenye mtihani kila mmoja apike chakula cha kwao, na akishindwa hapati cheti. Bila cheti hoteli hazimtaki, na ghalani hawamrudishi. Nikajiambia, huyu anakwenda kumpikia Anastasia mkate wa mama yangu. Basi nikamfundisha yote: kuloweka mchele, kusaga kwa tui zito, iliki, hamira. Nikamficha moja tu, lile lililotufanya tule makofi ya mama: ukishaumuka usiukoroge tena, mimina taratibu. Nilinyamaza makusudi.

Jumatatu akaukoroga mbele ya watahini, ukalala kama chapati. Na aliyemfelisha ni huyohuyo Anastasia! Nimewaza sana. Hawara humfelisha bwana wake? Au amefanya hivyo ili anizuge? Ona akili yangu ilipofika.

Nurdin hakunilaumu hata kidogo. Alikaa kibarazani, akasema, "Wewe ulinifundisha vizuri, mama Tabu. Mkono wangu mie ndio mzito." Nikaingia ndani nikalia, dada. Keshokutwa anarudia, na hiyo ndiyo nafasi ya mwisho.

Hata hivyo sikukoma. Leo asubuhi alipokwenda sokoni kununua nazi za kujaribia, nikapekua daftari lake la chuo nikitafuta barua ya mwanamke. Nikakuta kurasa za supu na mayai, na katikati maneno yamepigiwa mstari mara mbili: Mkate wa Shamimu. Chini yake yamo yote niliyomwambia, hata pale niliposema tui lisiwe jepesi tusije tukachekwa. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwalimu ameandika: "Muulize mkeo tena. Kuna kitu amesahau."

Ameyasoma hayo tangu Jumatatu. Hajaniuliza.

Nimechukua kalamu, nikauandika ule mstari uliokosekana, nikalirudisha daftari mahali pake. Mwandiko wangu anaujua. Atajua kwamba nilimficha, na atajua kwamba nampekua. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu niolewe, lakini sikuufuta.

Nisalimie sana Shemeji Mwishehe na wanangu Abdulrahman na Sadallah. Tabu anakuamkia, ameota meno ya mbele. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake, na mimi, barua hii ninayoituma kwa basi la kesho ikikuwahi, nikumbuke katika dua za Ijumaa, saa ambayo Nurdin atakuwa anamimina.

Naishia hapa. Nasikia hodi yake mlangoni, na mchele nimeshamlowekea.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, pamoja na makosa yangu,

Shamimu