Sauti ya Mzee Besi

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama, ingawa zake nimezitunga mwenyewe. Je, kile kikohozi kimekuachia? Na mapacha wameshaota meno? Sisi huku wazima; kasoro ni goti la Mama, na lenyewe halimzuii kuzunguka nyumba nzima akinikosoa.

Sasa sikia. Ile gramafoni ya marehemu Baba nimeishusha kutoka juu ya kabati nikaifungua. Unanijua, chombo kikinyamaza mbele yangu mikono inaniwasha. Santuri kubwa zote za muziki wa asili zinaimba vizuri. Ila ile ndogo pekee, ya yule mwimbaji tuliyemwita Mzee Besi, ilinitia shaka: ngoma zake zinaburuta miguu mno. Kuchungulia swichi ya mwendo, nikakuta imegandishwa kwa gundi kwenye mwendo wa polepole, wa santuri kubwa. Nikaikwangua kwa kisu, nikaongeza mwendo. Dada, Mzee Besi ni mwanamke. Tena msichana, na sauti ni yako kabisa.

Sikutulia tena. Ni nani huyu? Lebo ilishabanduliwa zamani. Nikampelekea santuri hiyo fundi sinema mstaafu wa mtaa wa pili, yule anayelala chumba kimoja na makopo ya filamu. Alisikiliza mistari miwili tu, akasema bendi hiyo anayo kwenye filamu. Akafunga mapazia mchana kweupe, akaniwashia filamu hiyo ukutani. Picha ilikuwa na michirizi na ilichezacheza, lakini sikupepesa jicho. Ukumbi wa dansi, wapiga tarumbeta wanne wenye tai, na mbele yao binti mwembamba mwenye mwanya, mkono kiunoni vile vile anavyouweka akinigombeza. Alikuwa Mama.

Miaka sita wewe na Mama hamsemezani kwa sababu alikukataza kuimba kwenye bendi. Ningenyamazaje? Nikamuuliza. Kwanza alinijia juu kwamba nimeharibu gramafoni. Kisha akaketi, akakubali kuwa gundi aliitia yeye na lebo aliibandua yeye, maana Baba alikataa katakata santuri ile kutupwa. Kiongozi wa bendi alimfukuza tumbo lilipoanza kuonekana, na hakuna aliyemtetea.

“Aliyekuwa tumboni ni dada yako,” aliniambia. “Nilipomwona ameshika maiki, niliona watakavyomtupa na yeye. Na ningemweleza, angejiona ndiye aliyenishusha jukwaani. Bora anichukie mimi.”

Nililia, sikufichi.

Sasa nikiri kosa langu. Mama aliniapisha nisikuambie neno, nami nikaapa huku nikijua fika kwamba nitakuandikia. Sijutii. Jana nimemkuta ameiweka santuri mwenyewe, kwa mwendo wake halisi, anaifuatisha kwa sauti ndogo. Njoo, dada. Hata kama ni kugombana, mgombane kwa jambo la kweli.

Nibusie mapacha, na shemeji mpe mkono wangu.

Ni mimi mdogo wako, nisiyeweza kutunza siri,

Fundi Kudokoa